Ruhuka na Jeni ya Kuazima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini hapa Vudee milimani, nilisimama nje ya kanisa baada ya ibada nikasema neno ambalo hadi leo likinijia najiuma ulimi.

Soko huria ndiyo kwanza lilikuwa limeingia. Dawa za kahawa tulizozoea kugawiwa zilikatika, na matunda yetu yote yakawa na tundu kwenye kitovu, kana kwamba yamechomwa sindano. Lakini kwa jirani yetu Bi Nakijwa, mjane aliyeishi peke yake, matunda yalikuwa mazima, mekundu. Nikapaza sauti: "Kahawa yetu inakufa, yake inanawiri. Mnataka ushahidi gani tena wa uchawi?"

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Kabla ya chakula cha mchana vijana walishataja mapanga, wakaikate mikahawa yake. Bi Nakijwa alijifunga kanga yake, akaenda zake.

Alasiri alikuja baba yangu mkubwa, mzee Mbonea, aliyekata mkonge miaka mingi huko bondeni. Hakuwa mtu wa maneno. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa mkato, akanivuta shambani. Alichuma tunda lenye tundu, akalipasua kwa kisu hadi ndani ya buni.

"Tazama."

Nikaona vijia, na ndani yake kidudu cheusi, sawa na punje ya ulezi, kimezungukwa na watoto wake weupe.

"Anaitwa ruhuka. Ndiye mchawi wako. Nakijwa huokota kila tunda linaloanguka, akalichemsha. Wewe unayaacha, ruhuka wanazaana. Nenda kamwombe radhi sasa hivi, kisha uwaambie wenzako kwa mdomo uleule."

Nilimkuta Bi Nakijwa anafunga mizigo. "Kesho nashuka Same kwa kaka yangu," alisema. Nikapiga magoti. Akanisukumia kikapu. "Haya, inuka. Tuanze na shamba lenu."

Jioni ileile niliwaendea vijana nikakiri mbele ya watu kwamba nilikosea, nikawaonyesha ruhuka, na mapanga yakarudi majumbani. Mimi na Bi Nakijwa tuliokota msimu mzima. Siku moja nikamuuliza, "Mama, buni ni ngumu hivi, wadudu wengine wanaikimbia. Huyu anaimeng'enyaje?"

"Sijui, mwanangu. Muulize anayejua."

Niliuliza miaka na miaka! Mvi zilikwisha kuniingia alipokuja mtaalamu wa kahawa, binti mdogo tu, kutufundisha. Nikanyoosha mkono. Akacheka: "Mzee, ruhuka aliazima."

"Aliazima nini? Kwa nani?"

"Jeni, kwa bakteria."

Zamani za kale, alieleza, jeni moja ya bakteria iliingia kwa mababu wa ruhuka, ikabaki, ikawa urithi wa mama kwa mtoto. Kwa jeni hiyo ruhuka hutengeneza kimeng'enya kinachovunja sukari ngumu iliyo ndani ya buni. Mdudu aliye ndugu yake wa karibu hana jeni hiyo, na hawezi kuishi kwa kula buni. Na wapo wanyama wengine walioazima hivyo, wakabadilika.

Mwanangu, niliruka kutoka kwenye benchi! Maisha yangu yote nilidhani kiumbe hurithi kwa wazazi wake tu. Kumbe kitu cha mgeni kabisa kinaweza kuingia katika damu ya ukoo na kuufungulia chakula kipya. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikimsimulia kila niliyekutana naye, hata mwendesha bodaboda mmoja akazima pikipiki asikilize vizuri.

Basi shika haya. Usimtaje mtu kwa ubaya kabla hujalichunguza jambo kwa macho yako, na ukikosea hadharani, jirekebishe hadharani. Swali lisilo na jibu litunze. Usilizibe kwa uongo. Na anayejua akiwa mdogo kwako, kaa chini umsikilize, maana elimu haiulizi umri.

Mungu akujalie macho mapevu na moyo mnyenyekevu, akupe watu wa kukukaripia kwa upendo, na akuzeeshe ukiwa bado unashangaa.