Kitambaa Chini ya Godoro la Mama

Huku kwetu Likasi mgonjwa ana ndugu wachache, maiti ana ndugu wengi. Sisemi kwa utani. Mama yangu alilala miaka mitatu, upande wa kulia wa mwili umekufa ganzi, na katika miaka hiyo yote jamaa waliokanyaga chumba chake wangetosha kwenye kochi moja. Juma alilokufa walijaa uani mpaka tukaazima viti vya kanisa.

Aliyemtunza hakuwa ndugu. Alikuwa jirani yetu, mjane wa miaka sitini hivi, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Parsele yake, yaani kiwanja chake, na ya kwetu zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Kila asubuhi aliuza mandazi mbele ya lango lake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Saa moja na nusu lazima niwe mbele ya watoto, na mama hakuweza hata kujigeuza kitandani. Juma la kwanza la ugonjwa huyo jirani alinikuta nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nalia. Akaniangalia kidogo, akasema, "Weye wende ku masomo. Minye niko." Nilidhani anazungumzia siku ile moja. Kumbe alikuwa anazungumzia miaka mitatu.

Watu wakisikia husema, "Ah, kumbe alimsaidia mama yako." Neno hilo linaniudhi. Kusaidia ni kumpitishia mtu chumvi ukutani. Yeye alimwosha mama kila asubuhi mandazi yakisha kuuzwa. Alimgeuza mchana kutwa ili mgongo usioze, na daktari aliyemwona mama mara mbili tu alishangaa kutokuta kidonda hata kimoja, akanipongeza mimi. Nikazipokea pongezi. Alimlisha uji kwa kijiko cha chai, akimsugua koo kwa kidole mpaka ameze. Matambara ya mama aliyafua mwenyewe na kuyaanika upande wake wa ukuta, ili wageni wetu wasiyaone. Mama naye hakuwa mgonjwa mpole. Hata kwa nusu ya mdomo alijua kutukana. Jirani alitukanwa, akacheka, akaendelea kumsugua miguu.

Alikuwa na desturi moja. Alipomchana mama nywele aliokota zile zilizobaki kwenye kitana, na alipomkata kucha alizikusanya zote, hata ile ya kidole kidogo iliyorukia sakafuni. Alizifunga kwenye kipande cha kitambaa, akakisukuma chini ya godoro, na Ijumaa asubuhi akakitoa na kwenda kuzizika kando ya ukuta, karibu na mboga zetu za lengalenga. Mara ya kwanza nilipomuuliza alinieleza bila kuficha.

"Kwetu Baislamu, kintu ya mwili ya muntu habatupake ovyo," alisema. "Inarudia mu udongo na heshima yake."

Mama alisikia kitandani. Akasema polepole, kila neno akilivuta, "Basi minye niko nazikwa kidogo-kidogo." Tulicheka sote watatu mpaka jirani akamfuta mama machozi kwa ncha ya kitenge chake. Nakumbuka kicheko kile vizuri, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mama alikufa Alhamisi, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa jirani. Mimi nilikuwa ubaoni nikifundisha kugawanya.

Kesho yake ndugu walifika. Kutoka Kolwezi alikuja mama yangu mkubwa, dada wa mama, ambaye katika miaka mitatu alipiga simu mara nyingi kuuliza kama dada yake anakula vizuri. Alianza kulia tangu kona ya barabara, viatu mkononi, na majirani wakatoka kumtazama. Wajomba walikaa chini ya turubai. Na jirani yetu, ambaye asubuhi ile hakupata nafasi ya kukumbuka kwamba ni Ijumaa, alikuwa nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wa mtaa, akisonga bukari ya kuwalisha watu wote hao. Bukari ndiyo ugali wetu. Kwenye sufuria la kilio mwiko wake ni mrefu kama jembe, unahitaji mikono miwili na mgongo.

Adhuhuri hivi mama mkubwa aliamua chumba cha marehemu kisafishwe. Wakatoa godoro nje lipigwe jua. Nilikuwa sebuleni niliposikia ukelele, nikadhani mtu ameanguka.

"Muone! Muone bote! Nywele ya dada yangu! Na bikucha yake! Njo vile balimukula!"

Alikuwa amekifungua kitambaa na anakiinua juu ili kila mtu akione. Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza. Anayefunga nywele na kucha za mtu mgonjwa na kuzificha chini ya godoro lake, kila mtu anajua anafanya nini, na kazi hiyo ina jina moja tu. Wanawake walirudi nyuma hatua mbili. Mjomba mkubwa akaagiza wote waje chini ya turubai, akauliza kitambaa ni cha nani.

Jirani alitoka nyuma ya nyumba, unga umemshika mikononi mpaka kwenye viwiko. Alikitazama kile kitambaa, akajipiga paji la uso kama mtu aliyesahau chungu motoni.

"Ni minye nilifunga," alisema. "Nilikuwa nangoya Vendredi, siku ya Ijumaa, niende kuzika. Na leo kazi imenizidi. Munisamehe."

"Kuzika?" mjomba alisema. "Unamuzika muntu angali muzima?"

"Hapana, papa. Ni desturi ya kwetu. Mumuulize huyu mwana yake, eko najua. Hata mama mwenyewe alikuwa anajua, alikuwa anacheka."

Wote walinigeukia. Sentensi moja tu ilitakiwa. Ningesema, "Ndiyo, najua, alikuwa anazika kila Ijumaa, njooni niwaonyeshe mahali," na mambo yangekwisha, au angalau tungeyabeba wawili. Lakini mimi ndiye binti niliyebaki nyumbani, sina mume, na parsele ingebaki mikononi mwangu. Niliona macho ya wajomba. Nikikiri kwamba nilijua, nitaitwa mtoto aliyemuuza mama yake. Na kuna jambo lingine, baya zaidi, ambalo nililikubali baadaye sana: nilikuwa na wivu. Mama alipoumia hakuniita mimi, alimwita yeye.

Nikasema, "Asubuhi minye nakuwaka ku masomo."

Ilikuwa kweli, herufi kwa herufi: asubuhi mimi huwa shuleni. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Jirani aliniangalia, akaanza kujipangusa unga kwenye vidole, kimoja kimoja, wakati mama mkubwa anamwita mulozi, mchawi, mbele ya mtaa mzima. Mjomba mmoja alileta petroli, wakakichoma kitambaa palepale. Lile sufuria la bukari likamwagwa chini, ingawa bukari ya asubuhi, iliyosongwa na mikono ileile, ilikuwa tayari matumboni mwao na haikuwa imemuua mtu. Halafu wakalalamika kwamba chakula kimechelewa.

Nimefikiri sana kwa nini waliamini upesi vile. Sidhani walikuwa wajinga. Mjomba mkubwa ana diploma. Mchawi akipatikana, kila mtu anasamehewa. Dada ambaye hakuja, kaka aliyezima simu, mpwa aliyeahidi kiti cha magurudumu: hakuna anayeulizwa tena ulikuwa wapi. Swali pekee ni yule mwanamke alikuwa anafanya nini humo chumbani kila siku. Na jibu kwamba alikuwa anamwosha mama yetu lilikuwa jibu la aibu kupita uchawi.

Siku ya mazishi alikatazwa kuja. Mwishoni mwa misa nilisoma shukrani za familia. Niliziandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Tulimshukuru daktari. Tuliishukuru kwaya. Tulimshukuru kaka mmoja wa ukoo aliyetengenezesha fulana zenye picha ya mama, picha ya zamani, kabla mdomo haujapinda. Niliwashukuru hata wenye viti tulivyoazima.

Hakuna aliyempiga jirani wala kumtupia jiwe. Huku kwetu tuna adabu. Watu waliacha tu kununua mandazi yake. Watoto waliotumwa dukani walivuka barabara kabla ya kufika langoni pake. Baada ya majuma machache mpwa wake, dereva, alikuja kumhamishia upande wa Kamatanda. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Sidhani walimaanisha uende na masufuria yako yamefungwa kwa kamba juu ya gari.

Mtaa wetu ulijifunza. Mwaka jana mzee anayekaa ng'ambo ya barabara, aliyefanya kazi migodini maisha yake yote, alianguka langoni kwake saa mbili asubuhi. Ilikuwa likizo, nilikuwa nyumbani, nikatoka. Watu kama kumi walikuwa wamesimama wanamtazama. Walikuwa wamewapigia simu watoto wake walioko Lubumbashi, wanangoja. Mzee amekaa vumbini, suruali imelowa, anaomba maji. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini hawamwinui, akaniambia kwa upole kabisa, "Madame, nikimushika leo na akufe kesho, banasema ni minye. Si ulionaka kwenu?" Tulimwinua mimi na mpita njia mmoja asiyejua habari za mtaa wetu. 

Ndipo nilipokwenda Kamatanda. Nilimkuta kwenye nyumba ya jirani yake mpya, anamlisha mwanamke mwenye miguu iliyovimba ambaye hata si wa dini yake. Sijui nilitazamia nini; labda nimkute amekaa na uchungu wake, kama mimi. Alinipa kigoda. Alimaliza kwanza kumlisha yule mgonjwa, akamfuta mdomo, ndipo akatoka nje nami. Nikamwambia yote: nilijua, niliogopa, nilimwonea wivu, anisamehe. Nililia. Yeye hakulia.

"Mwana yangu," alisema, "ile siku ulinyamaza mbele ya bantu. Sasa unakuja kusema huku, tuko paka babili tu, weye na minye. Minye najua kama si mulozi. Ni balebale bantu njo habajue. Wende ubaambie."

Nikamwambia nitawaambia. Akanifungia mandazi manne ya njiani, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Ni miezi minane sasa. Kila juma jumuiya yetu ya sala hukutana mtaani, na mwishoni kila mtu hutoa nia yake kwa sauti. Nimesimama mara nyingi. Nimewaombea wote wanaosingiziwa duniani. Wamejibu amina, hakuna aliyeuliza ni nani, nami nikakaa chini nikanyoosha kitenge changu. Mama mkubwa hunipigia simu kila mwezi kunipa pole ya dada yake, na kuniuliza kama yule mwanamke hajarudi mtaani. Nasema hajarudi.

Basi nimeandika. Nimeandika kwamba alimtunza mama yangu kwa miaka mitatu, kwamba hakumroga, kwamba nilijua, na kwamba mikono yake ndiyo iliyomshika alipokata roho. Atakayesoma ataona kwamba sikutaja jina lake popote, na huenda atadhani ni heshima. Si heshima. Mama mkubwa bado yu hai, na anajua kusoma.