Siku Niliyompima Mtoto Asiyekuwepo

Nimeshachekwa na watu wengi kwa jambo hili, kwa hiyo nanyi chekeni tu, ila mnicheke mimi peke yangu, msimcheke yule mama mwingine nitakayewaambia habari zake, maana yeye hakukosa kitu. Mpaka leo nikipita barabara ya Munigi kwa pikipiki najifunika kitenge hadi puani, na dereva anadhani naogopa vumbi.

Mwaka ule vita ilikuwa imeshuka tena kutoka Rutshuru, watu wa Kiwanja na vijiji vyake wamejaa Munigi chini ya mahema, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hata kuku anayakanyaga kwa tahadhari, na mimi, Madame Kavira, nilikuwa mwalimu wa darasa la watoto wadogo wenye shida: wasiosema, wasiotembea vizuri, wasiosikia, wote chini ya miaka sita. Kazi niliipenda, nisidanganye (kwa siku moja nimeshadanganya vya kutosha). Lakini juu ya kazi kulikuwa na karatasi, ile tuliyoiita fishi, ya kumpima kila mtoto siku anayoingia, kisha kumpima tena baada ya miezi minne, ili wenye mradi waone amepiga hatua ngapi. Fishi iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala hemani. Iliuliza kama mtoto anapanda ngazi kwa kupokezana miguu (ngazi ipi, jamani, pale Munigi?), kama anakula kwa uma, kama anafungua bomba la maji mwenyewe. Tulipanga mawe matatu tukayaita ngazi. Uma tuliuruka.

Msimamizi wetu, Papa Innocent, mtu wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika, alinifundisha siri ya fishi siku ya kwanza kabisa.

"Madame, ku mwanzo unaweka chini. Chini kabisa. Ukianzia juu, utapanda wapi?"

Nikaweka chini. Mtoto mwenye maneno matano nikaandika hasemi, mwenye kutembea kwa kushikwa mkono nikaandika hatembei. Mmoja tu sikuhitaji kumshusha, naye ni Asifiwe, msichana wa miaka mitano, macho makubwa, hatoi neno, hageuki ukimwita, na wiki ya kwanza aliniuma mkono mpaka nikaenda kudungwa sindano. Kwake niliandika hapana, hapana, hapana hadi mwisho wa ukurasa, na angalau mara moja karatasi yangu ikasema kweli.

Miezi minne ikaisha, tukaambiwa mkaguzi anakuja kutoka Kinshasa kutazama kipimo cha pili kwa macho yake. Papa Innocent akaja siku moja kabla, jasho linamtoka.

"Watoto kumi, Madame Kavira. Nataka kumi. Wengine bamekwisha kuhama na wazazi wao, mumoja tena akikosekana, banafunga darasa."

"Kumi utawakuta, Papa," nikasema. (Mdomo wangu hauna breki, hata marehemu mama yangu alilalamika.)

Kumbe siku ileile ya mkaguzi ndiyo wenye msaada waliyoichagua kugawa unga. Akina mama wote wako kwenye mstari tangu alfajiri, wameshika jetoni zao za kupokelea unga, na ukitoka mstarini umejitoa mwenyewe, hakuna wa kukutunzia nafasi. Watoto tisa waliletwa na dada zao na majirani. Wa kumi hakuja. Nikakimbia hadi hema la akina Asifiwe, nikamkuta bibi yake amekaa mlangoni na mtoto amelala ndani kwa homa.

"Aamuke aende wapi, Madame?" bibi akaniambia. "Muguse mwenyewe."

Nikamgusa paji la uso, kweli anachemka. Mtu mwenye akili zake angerudi darasani akaandika: hayupo, anaumwa. Maneno mawili tu, na mkaguzi naye ni binadamu, ana watoto, homa anaijua.

Mimi nikarudi nikamwona Plamedi. Huyo ni binti yangu mwenyewe, ana miaka minne na nusu, anasoma maternelle, yaani chekechea, mjini kwa masista, na siku hiyo masista walikuwa wamefunga kwa sikukuu yao, kwa hiyo nilikuja naye na kumkalisha kwenye kona na biskuti yake. Kimo chake na cha Asifiwe ni kimoja. Mkaguzi hajawahi kumwona yeyote kati yao. Nikakata kipande cha plasta, nikaandika ASIFIWE kwa herufi kubwa, nikambandika kifuani.

"Mama, miye si Asifiwe."

"Leo ni mchezo. Bakikuuliza jina, unasema Asifiwe. Unapanga vipande tatu vya mbao, kisha unanyamaza. Nitakupa beignet."

"Mbili."

"Sawa, mandazi mbili."

Papa Innocent aliingia wakati ule. Alimtazama Plamedi, akatazama soksi zake nyeupe na viatu vyenye vifungo vinavyong'aa, akanitazama mimi, akakohoa, akaanza kusoma ukuta wa hema (ambao haukuandikwa kitu). Hilo likumbukeni, kwa sababu yeye baadaye alilisahau.

Mkaguzi akafika kwa gari, Madame mwenye miwani na sauti ya upole, anaongea Kifaransa na Kilingala, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo", kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Tukawapima tisa, mmoja mmoja, wengine wako nje na uji wao. Mmoja alipanga vipande viwili badala ya kimoja. Mwingine alipanda mawe mawili akalikalia la tatu. Zilikuwa hatua za kweli, na mimi nilijua jasho lililomwagika kwa kila moja, lakini kwenye karatasi zilionekana ndogo, na Madame alianza kupiga miayo kwa heshima, mkono mdomoni.

"Wa kumi," nikasema. "Asifiwe."

Ndugu zangu, kumwambia mtoto wangu afanye kidogo lilikuwa kosa la pili. Plamedi amelelewa kupigiwa makofi. Hata sijamaliza kuweka vipande chini, vyote kumi vimepangwa mnara, naye anavihesabu kwa Kifaransa huku anaonyesha kwa kidole. Akapanda mawe matatu kwa kupokezana miguu, akayashuka kinyumenyume bila kuombwa. Akachora duara, akalitia macho na masikio, akamwambia Madame, "Ni wewe huyu." Kisha akakutanisha viganja na kusali sala ya asubuhi ya masista, yote, hadi amina. Mimi nyuma ya mkaguzi natikisa kichwa, nakunja uso, nampa ishara anyamaze, naye ananitabasamia anadhani namsifu.

Madame alivua miwani. Akachukua fishi ya kwanza, mwandiko wangu, akasoma kwa sauti: hasemi, hageuki akiitwa, anauma. Akamtazama mtoto. Akasoma tena. Akaanza kupiga makofi, Papa Innocent naye akapiga makofi, watoto waliokuwa nje nao wakapiga makofi kwa kuwa watoto ndivyo walivyo, na Madame akawa anarudia jina, "Asifiwe! Asifiwe!", mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita na bidoni ya maji akasimama kuchungulia, kisha akaondoka mbio. Mimi sikumjali.

"Umetumia njia gani?" mkaguzi akaniuliza.

Hapo ndipo ardhi ilipotakiwa kunimeza, na mimi badala ya kumezwa nikaeleza njia. Nikasema ni uvumilivu na nyimbo. Nikasema kuna wimbo mmoja hasa. Nikaongeza kwamba nimeubuni mwenyewe, na Madame alikuwa anaandika, anasema nitapelekwa Bukavu kuwafundisha wenzangu, na ninyi mnanijua, nilishaanza kuwaza nitavaa kitenge gani Bukavu. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya fishi ya Asifiwe neno moja la Kifaransa, maana yake AMEMALIZA.

"Huyu hahitaji tena darasa," akasema. "Tumtoe, nafasi yake apewe mtoto mwenye shida."

Bukavu yote ikanitoka. Nilikuwa nimemfukuza Asifiwe, yule anayelala kule na homa, kutoka mahali pekee alipopata mtu wa kukaa naye, na nilimfukuza kwa kumsifu. Nikafungua mdomo niseme, nikasikia vigelegele.

Yule wa bidoni alikuwa amefika kwenye mstari wa unga na kutangaza: Asifiwe anasema, anahesabu Kifaransa, wageni wanampigia makofi. Mama Asifiwe, mwanamke mwembamba ambaye katika miezi minne sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akadhani bibi amemleta mtoto darasani. Alitoka mstarini wakati amebakiwa na watu wachache mbele yake. Alikuja mbio juu ya yale mawe, jetoni bado mkononi, na wanawake wengine nyuma yake wanaimba, akaingia hemani anacheka na kulia kwa pamoja.

"Iko wapi? Aseme tena! Aseme nami nisikie!"

Akatazama huku, akatazama kule, akaiona plasta yenye jina. Akachuchumaa mbele ya Plamedi.

"Weye ni nani, mama yangu?"

Na mtoto wangu, mtiifu kwa mara ya kwanza siku ile, akajibu, "Miye ni Asifiwe."

Vigelegele vilikatika. Yule mama alibaki amechuchumaa, anaangalia ile plasta.

"Apana," akasema taratibu. "Asifiwe ni wangu. Huyu si mutoto wangu."

"Anasema nini?" mkaguzi akaniuliza.

"Anasema asante," nikatafsiri. (Ndiyo. Hata pale. Hata wakati ule.)

Plamedi akanigeukia akashangaa, kisha kwa Kifaransa safi cha masista, sentensi kamili, akamwambia Madame, "Hapana, hakusema asante. Amesema mimi si mtoto wake." Na kwa kuwa fishi ilikuwa na mstari unaouliza kama mtoto anaweza kueleza jambo lililotokea, akaendelea kulieleza: kwamba yeye ni Plamedi, kwamba mama yake ndiye huyu, kwamba ulikuwa mchezo, na kwamba anadai beignet mbili.

"Madame Kavira!" Papa Innocent akapaza sauti, mkono kifuani. "Ni nini hii naona?"

Kama ile volkano ingeamka dakika ile ningeishukuru. Wanawake mlangoni walianza kucheka, kile kicheko kibaya cha mwizi akikamatwa, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Kumbe mwalimu anazaa, anapima na anashinda yeye mwenyewe!"

Mkaguzi hakucheka. Aliomba apelekwe kwa Asifiwe. Tukapita kati ya mahema, yeye mbele, mimi nyuma na binti yangu mkononi mwenye plasta ya jina la mtu, na kila hema watu wanatoka kutazama. Tulimkuta mtoto ameamka, homa imepungua kidogo, amekaa kwenye mapaja ya bibi yake. Madame hakutoa vipande vya mbao. Alimwuliza mama yake kitu kimoja: tangu aanze darasa, nini kimebadilika? Nikatafsiri neno kwa neno, na jibu nikalitafsiri neno kwa neno.

"Mbele alikuwa anauma batu. Hata miye alikuwa ananiuma. Sasa haumi tena. Na nikimwita, ananiangalia."

"Mwite," mkaguzi akasema.

"Asifiwe," mama yake akaita, mara moja. Tukangoja. Nilishaanza kuona huruma, ile huruma ya mwalimu anayejiona anajua, na mtoto akageuza kichwa polepole, akamtazama mama yake usoni.

Madame akalikata lile AMEMALIZA, akatafuta mstari wa kugeuka akiitwa jina, akaandika ndiyo. Hatua moja, halali, na mimi mpimaji nilikuwa sijaiona, kwa sababu siku zote nilimwita jina nikiwa nimeangalia karatasi.

Darasa halikufungwa, na Asifiwe alibaki. Mimi nilipewa barua ya onyo na kupelekwa kukoroga uji kwa muda, na Papa Innocent ndiye aliyeisoma barua hiyo mbele ya wote, kwa sauti nzuri sana. Hayo yote nimeyameza. Lakini unga ulikuwa umekwisha Mama Asifiwe aliporudi mstarini, kwa hiyo Jumapili nikapunguza wa nyumbani kwangu, nikampelekea, na maneno ya msamaha nimeyapanga njia nzima.

Aliupokea, akaniwekea kibao nikae. Nikaanza maneno yangu, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Madame," akasema, "tangu kwa mustari mpaka kwa darasa lenu, ile njia yote, mutoto wangu alikuwa anasema."

Nikaaga, nikarudi kwa miguu juu ya yale mawe aliyoyapita mbio. Fishi nilirudishiwa baadaye, na mtoto asiyekuja naandika hayupo, wakitaka wafunge darasa. Sitamsemesha tena mtoto wa mwenzangu kwa mdomo wa mtoto wangu.