Aliyekuwa Akikata Kamba za Marobota Yangu

Asubuhi hiyo nilitoka na kikombe cha chai mkononi kwenda kuyatazama marobota yangu ya nyasi, kama mtu anavyokwenda kumtazama mtoto mchanga.

Hayakuwepo.

Yaani nyasi zilikuwepo. Marobota ndiyo hayakuwepo. Jioni niliyaacha yamepangwa, kila moja na kona zake na heshima zake. Sasa yalikuwa yamemwagika kama tumbo la mtu aliyelegeza mkanda baada ya kushiba.

Kila robota lina kamba mbili. Zote zilikuwa chini.

Chai ikapoa nikiwa nimesimama pale pale.

Ngoja kwanza niwajulishe mashine iliyoyafunga, maana bila kuijua mtadhani nawalilia kwa ajili ya majani.

Baba alipofariki alituachia ng'ombe, shamba la nyasi, trekta, na mashine ya kufunga marobota. Ukiwatoa ng'ombe, vyote ni vizee kuliko mimi. Mashine inakokotwa na trekta. Inazoa nyasi zilizokauka, inazisukuma kwenye kasha, pistoni inazishindilia. Zikishajaa, sindano mbili kubwa zinachomoza kutoka chini zikiwa na kamba za katani, na huko juu kuna kidude chenye mdomo kama wa kasuku kinapiga fundo. Robota linatokea nyuma, dogo, la pembe nne, mtu mmoja analibeba begani.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Yetu ilikuwa inapiga fundo ikijisikia.

Kulia inafunga, kushoto inagoma. Rekebisha kushoto, kulia kunanuna. Nilibadilisha kamba. Nilinoa kile kisu chake kidogo. Nilikaza springi, nikalegeza springi, nikairudisha ilipokuwa mwanzo. Niliitukana, nikaibembeleza. Kuna siku nilionekana nimeipigia magoti. Nilikuwa natafuta nati, lakini waliokuwa wanapita barabarani walishajionea, na mtaani wakasema kijana ameanza kuabudu vyuma.

Trekta nalo halikuwa na nafuu. Stata ilishakufa. Likizimika, mpaka likae kwenye mteremko watu walisukume. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: trekta halizimwi. Linawashwa asubuhi, linanguruma hadi kazi iishe, hata mkiwa mnakula. Kamba ikinasa kwenye mdomo wa kasuku, unashuka, unaingiza mkono, unainasua, unaendelea.

Sasa mwaka huo Mama alikuwa ametoa neno.

Alisema mvua zikianza kabla nyasi zote hazijafungwa na kuingia ghalani, mashine inauzwa. Amechoka kuniona nagombana na chuma. Na mnunuzi alishapatikana, jamaa wa vyuma chakavu. Alikuja akaizunguka, akaigongagonga kwa kidole kama anachagua tikiti maji, akasema atarudi mvua zikianza.

Aliyemleta ni shemeji yangu, mume wa dada. Walikuwa wakikaa nasi hapo nyumbani. Tulimwita Waziri, kwa sababu ahadi zake zilikuwa nyingi na mikono yake safi wakati wote. Waziri alilitaka lile banda la mashine afugie kuku. Alishapima hadi pa kuweka viota.

Mimi nilitaka mashine ibaki, na sababu yangu ilikuwa ya maana. Ghala letu ni dogo. Nyasi zikiingizwa hivi hivi, linajaa upesi, na ng'ombe wanaanza kulia njaa kiangazi hakijafika hata katikati. Zikifungwa marobota zinapandana mpaka kwenye paa, na ng'ombe wanavuka salama.

Hiyo ndiyo sababu ya kusema mbele ya watu. Ile nyingine ni kwamba, katika vitu vyote vya Baba, mashine ile ndiyo pekee mikono yangu ilikuwa imeanza kuielewa.

Basi nimesimama na chai yangu ya baridi, Waziri akatokea na mswaki mdomoni.

"Shemeji, hayo ni marobota au ni mikate?" akauliza. "Mbona yameumuka?"

Nilijua ni mafundo yangu yameachia. Nikashika uma wa nyasi, nikarudia kulisha mashine upya, robota moja baada ya jingine. Mgongo ulilia. Safari hii kila fundo nililivuta kwa mkono kulijaribu. Lililolegea nililifunga mwenyewe. Kamba iliponasa niliinasua, ikanasa tena, nikainasua tena. Jioni niliyapanga mstari mmoja, nikayaombea baraka, nikaenda kulala kama gunia.

Asubuhi, yamemwagika.

Hapo nikachuchumaa, nikaokota kamba moja.

Fundo lilikuwa mahali pake, limekaza kama ngumi. Kamba ndiyo ilikuwa imekatwa. Haikuwa imetatuka wala kutafunwa. Ilikuwa imekatwa moja kwa moja, kwa kisu. Na panya hana kisu.

Ndugu zangu, damu ilinipanda mpaka masikioni.

Kwenye meza ya chai niliongea kwa mafumbo, lakini fumbo langu lilikuwa na jina la mtu na namba ya kiatu. Nilisema kuna wanaume wanaotaka kuku kiasi cha kusahau utu. Waziri akaweka kikombe chini, akaapa kwa kila kinachoapiwa kwamba hajagusa hata unyasi mmoja. Hilo la kutogusa nililiamini, maana ndiyo tabia yake. Dada akasema nikimtuhumu mumewe nimemtuhumu yeye, akaondoka machozi yakimlengalenga.

Mama akamimina chai. Hakunitazama. Alisema tu kwamba chuma kinachogombanisha watoto wake bora kiende.

Mchana mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milimani. Nikafunga upya. Nilikuwa nafunga huku nasema peke yangu. Mtu anayefanya kazi ileile kwa mara ya tatu, hasira zake huwa hazina tena kelele. Zinakaa tu kooni kama mwiba wa samaki.

Alfajiri iliyofuata sikusubiri chai. Kulikuwa kunapambazuka nilipojichimbia kwenye lundo la nyasi karibu na tela. Kama hujawahi kujificha ndani ya nyasi kavu, usijaribu. Zinaingia mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa kwanza.

Nikasikia hatua. Buti za mpira, zinaburuta.

Kisha, tap.

Kamba ya katani iliyokaza ikikatwa ina mlio wake, kama mtu anayekuzomea kwa ulimi. Tap. Tap nyingine.

Nikaruka.

"Waziri, leo umepatikana."

"Mimi si Waziri," sauti ikajibu. "Na punguza kelele, dada yako amelala."

Mama.

Alikuwa na gauni la kulalia, buti za Baba, na kisu cha kukatia mboga. Alikuwa amepiga goti juu ya robota, na hata baada ya kuniona alimalizia ile kamba aliyokuwa ameianza.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakata kamba. Huoni?"

Nilimwambia yote yaliyokuwa kooni. Nilimwambia kuhusu mgongo wangu, kuhusu mawingu, kuhusu dada niliyemliza na shemeji niliyemvunjia heshima mezani. Nilimuuliza kama anataka ng'ombe wafe ili Waziri apate mayai. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Mama anajua kwamba mtu mwenye hasira ni kama sufuria, ukiifunika inamwaga.

Kisha akakaa juu ya lile robota.

"Nimekata kamba, sijachoma shamba," akasema. "Nyasi zako ziko palepale. Jana uliingiza mkono mle ndani mara ngapi, trekta likinguruma?"

Nikasema sikumbuki.

"Mimi nazikumbuka zote. Nilikuwa dirishani jikoni. Mboga imeungua, hamkuiona?"

Niliona. Nilidhani amezeeka.

Hapa niwaambie kitu. Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa na vidole viwili na kipande. Sisi watoto tulizaliwa tukaukuta hivyo. Alituambia vile vingine viliishia kiwandani, enzi za ujana, kabla hajaoa. Tulikuwa tunamtania kwamba akihesabu ng'ombe lazima aazime vidole kwa jirani, na yeye alicheka kutuzidi.

"Hakukuwa na kiwanda," Mama akasema.

Ilikuwa mashine ileile, shamba lilelile. Mama alikuwa na mimba yangu, mimba yake ya kwanza. Kamba ilinasa, na trekta halikuzimwa, kwa sababu hata wakati ule stata ilikuwa mbovu. Baba akamkalisha Mama kwenye kiti cha trekta, akamwambia akanyage klachi, asiiachie, ili mashine isimame wakati yeye anaingiza mkono. Pedali ilikuwa imelika ikawa laini kama sabuni. Viatu vya Mama vilikuwa na umande.

"Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote," akasema. "Mguu ukateleza."

Sindano zikapanda.

Akawa anachezea kipande cha kamba, anakizungusha kwenye kidole.

"Kiwanda alikitunga yeye. Alisema watoto wakijua nani alikuwa kwenye kiti, wataniangalia mguu maisha yangu yote. Akanifichia mpaka anaingia kaburini. Sasa nikuone na wewe mkono uko mle, trekta linanguruma, nami nakoroga mboga?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Nilidhani ukichoka utaacha mwenyewe. Huchoki. Kichwa chako ni cha baba yako, hakina hata shimo la kupitishia maneno."

Nilitaka kuendelea kukasirika, nikakosa pa kushikia.

Nikamwambia kuanzia leo kamba ikinasa nitazima. Akauliza nani atasukuma. Nikasema mimi. Akacheka kidogo, kile kicheko cha pua, akasema mimi na jeshi gani.

Jeshi likawa yeye, dada na Waziri.

Kwanza niliomba radhi mbele ya wote. Dada alinisamehe upesi. Waziri alisema atanisamehe nikiacha kumwita Waziri, na hapo sikutaka kutoa ahadi nisiyoiweza, cheo hicho kina mwenyewe.

Halafu tukaanza, na ilikuwa adhabu. Kila kamba iliponasa nilitoa mashine kwenye mwendo, nikaliendesha trekta mpaka kichwa cha mteremko, nikazima, nikanasua, nikarudi kwenye kiti. Wao watatu wakaegemea tairi za nyuma na kusukuma mpaka injini ikohoe. Na siku hiyo mdomo wa kasuku ulinasa kuliko siku zote, kana kwamba umesikia mkataba wetu na unatupima.

"Shemeji," Waziri akasema, jasho likimtiririka, mikono imejaa grisi kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, "tunafunga nyasi au tunatembeza trekta?"

Mchana ulipogeuka, ghala lilikuwa limejaa karibu na paa. Ilibaki mistari michache upande wa chini. Wingu lilikuwa jeusi kama sufuria ya msibani. Wote watatu wakaenda kupanga marobota ghalani, nikabaki peke yangu kumalizia.

Kamba ikanasa. Kushoto, kama kawaida.

Nikashuka.

Upepo ulishakuja na harufu ya mvua. Mteremko ulikuwa mbali. Nikatazama dirisha la jikoni, hakuna mtu. Nikatazama ghalani, wote wamo ndani. Kamba yenyewe ilikuwa imening'inia pale mbele ya macho yangu, ya kuigusa tu kwa ncha ya kidole. Kufumba na kufumbua, nyasi zote zimeingia, mashine imebaki, sharti la Mama limetimia.

Mkono ulishatangulia. Nilishangaa kuuona uko hewani bila kuniuliza.

Nikaurudisha.

Nikapanda kwenye kiti, nikalipeleka trekta taratibu mpaka kwenye mteremko, huku natukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yangu naye anasoma.

Nikazima.

Nilikuwa sijawahi kulisikia shamba lile likiwa kimya. Nikainasua kamba polepole, na nilipomaliza, tone la kwanza likaniangukia shingoni. Baada ya hapo anga lote likafunguka. Mistari yangu ya mwisho ikalowa mbele yangu, ikalala chini kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.

Nimeshindwa. Ndivyo nilivyojiambia. Nyasi zote, alisema. Zote.

Mama alikuja mbio, amelowa chapachapa. Hakutazama nyasi. Alisikiliza trekta, akasikia halisemi. Akashika mikono yangu yote miwili, akaigeuza huku na huku.

"Twende ndani," akasema.

Mvua zilipokata kidogo, jamaa wa vyuma chakavu alikuja na lori lake na minyororo, kama walivyopatana. Nilikaa kwenye ngazi nikainama, sikutaka kuona. Waziri naye alisimama pembeni, hata habari za kuku hakuzitaja.

Mama akatoka akijifuta mikono.

"Umekuja kuchukua nini?" akamuuliza.

Jamaa akacheka. Akasema ile mashine, Mama, si tulikubaliana.

"Tulikubaliana uchukue mashine inayokula watu," Mama akasema. "Hiyo haipo hapa tena. Karibu chai."

Alikunywa chai, akaondoka na minyororo yake mitupu. Ng'ombe walivuka kiangazi, mwishoni wakila kwa kubana, lakini walivuka.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, una kimashine chako kizee, kimekuudhi tangu asubuhi, hakuna anayekutazama, na mkono umeshatangulia: zima kwanza. Tukana ukitaka, lakini zima.

Nyasi ziliota tena mwaka uliofuata. Vidole vya baba yangu havikuota.