Meno ya Mama Mkwe

Mwaka uliofuata Uhuru, Malaba ilikuwa na mtu mmoja tu wa kulainisha kingo za plastiki, na huyo alikuwa Okedi. Alichukua miguu ya cherehani kuukuu ya kukanyaga, akaifungia gurudumu dogo lenye meno, akawa anachonga vitana, vishikio vya visu na vifuniko vya taa za malori hadi kidole hakikwaruzwi popote. Aliyeidharau kazi hiyo ni mama mkwe wake, aliyewatangazia watu sokoni kwamba binti yake Alaso kaolewa na mkwaruza vitana. Maneno hayo yalimuuma Okedi kweli kweli.

Basi mama huyo akanunua meno ya bandia ng'ambo ya mpaka, Tororo. Fizi zake za plastiki zilikuwa na kingo kali, zikamchubua mdomo, na msimu wa mahindi ya kuchoma ndio kwanza unaanza! Akavumilia, akanuna, mwishowe akaja kwa mkwaruza vitana.

Ila mila nayo ilikuwepo. Kwao Wateso, mwanamume hakai uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kumchungulia mdomoni. Alaso akatundika mkeka katikati ya karakana, mama upande ule, mume upande huu, na meno yakawa yanapitishwa yamefungwa kwenye leso.

"Muulize inauma wapi," Okedi alisema.

"Mwambie huyo mtu ni huku nyuma, kushoto," mama alijibu, kabla Alaso hajafungua kinywa.

Okedi akakanyaga polepole, akiyadondoshea maji, maana plastiki ikipata joto huyeyuka, naye hakutaka kukumbukwa kama mtu aliyeyeyusha mdomo wa mama mkwe. Angezidisha kuchonga, meno yangelegea na kumdondoka kanisani katikati ya wimbo. Hapo angehama Malaba.

Meno yakaenda, yakarudi, yakaenda tena. Safari hii hayakurudi. Okedi akaacha kukanyaga, akatega sikio.

Mara nyuma ya mkeka akasikia: kru, kru, kru. Kumbe mama alikuja na hindi lake la kuchoma kikapuni!

"Alaso, mpelekee Okedi aone," mama alisema.

Hakuwa amewahi kumtaja kwa jina. Okedi akalipokea hindi kwa mikono miwili, akautazama mstari wa alama za meno ulivyonyooka, na machozi yakamtoka bila aibu. Akalila lote palepale. Ila alianzia upande wa pili, na alipofika penye alama za meno ya mama mkwe, alifumba macho.