Masomo Niliyompa Baba

Kazi yangu ni kukagua mikoba ya wanawake kwenye lango la hoteli moja huko Bofa. Kabla ya kuajiriwa tulifunzwa kujihami na mwanajeshi mstaafu, mtu mkali asiyependa mbwembwe. Alituambia ngumi ni mambo ya sinema. Kujihami ni kuweka masafa: usiyemwamini asikukaribie zaidi ya urefu wa mikono miwili. Mtazame mikono, kwa maana uso hudanganya. Mgongo uwe ukutani, na njia ya kutokea uijue kabla hujaketi. Nilihitimu wa kwanza, na kwa kweli nilijiona.

Wakati huo baba yangu, mjane mwenye kichwa cheupe pe, aliishi peke yake shambani, bara ya Gede. Kwetu mvi zimekuwa balaa. Mzee akiwa na mvi na shamba, haikawii kusemwa ni mchawi, na wasemaji mara nyingi ni wa damu yake wanaolitaka shamba. Kikulacho ki nguoni mwako. Mzee mmoja jirani alikuwa ameshakatwa kwa panga mlangoni pake. Kisha kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, akafiwa na mwanawe kwa homa, akaanza kumtazama baba kwa jicho baya.

Nikamsihi baba apake nywele rangi.

"Mwanangu, mvi hizi nimezipata kwa kuishi," akasema. "Sitazificha kama kitu cha wizi."

Basi nikamfunza niliyofunzwa. Kila siku yangu ya mapumziko nilikwenda, nikasimama uani nikijifanya adui. Alishika haraka kuliko nilivyotarajia. Nikamkataza hata kupeana mkono, kwa kuwa anayekushika mkono wa kulia ameshakufunga nusu ya mwili. Nikawa narudi kazini moyo umetulia, mjinga mimi.

Langoni, ukimtazama mtu mikono anajua uko kazini. Kijijini mzee huamkiwa, naye hutoa mkono. Akirudi nyuma, watu huuliza ana nini.

Baada ya miezi michache tukaitwa barazani. Kaka alisimama akasema kwa upole kabisa, "Baba mkubwa hatupi mkono tena. Ukimwambia shikamoo, anarudi nyuma na kukukodolea macho mikononi. Matangani huketi peke yake, mgongo ukutani. Mtu asiye na jambo hawaogopi wanawe."

Watu wakaguna. Mwenyekiti wa wazee akauliza, "Mzee, mambo haya umeyatoa wapi?"

Nilikuwa nimeketi nyuma, pamoja na wanawake. Neno moja langu lingetosha. Lakini niliziona zile nyuso, nikajua watasema amenirithisha uchawi wake, nami nina binti mdogo. Niliogopa. Baba hakugeuka kunitafuta.

"Ni uzee tu," akajibu.

Wakamshauri aondoke mpaka watu wapoe. Shamba sasa analilima kaka. Baba anaishi nami katika chumba cha kupanga mjini Kilifi, na asubuhi huniuliza kama huko bara mvua imenyesha.

Wiki iliyopita nilijikaza nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Ulikaa mbali siku ile, mwanangu. Hukusikia nilivyoulizwa."

Nilikuwa hatua chache tu nyuma yake. Nilisikia kila neno, na yeye anajua.