Chupa Aliyobeba Mume Wangu Kliniki

Tuliokuwepo kliniki asubuhi ile tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, wifi yangu ambaye ni dada yake wa tumbo moja, na muuguzi, binti wa jirani yetu hapa mtaa wa Kikuyu. Majina yao yote ninayo. Siyaandiki kwa sababu wifi bado yu hai na husomewa kila kitu.

Mume wangu alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Insulini yake tuliiweka kwenye chungu kilichofukiwa katika mchanga wenye maji, maana friji hatukuwa nayo. Ramadhani ilikuwa karibu, naye, Mwislamu wa Kondoa, hakutaka kuonekana anakula mchana. Muuguzi akasema alete mkojo kwanza. Ukionyesha sukari, hafungi.

"Nipe wako," mume wangu akaniambia. "Wewe mzima."

Nikampa, kwenye chupa ya wifi ya dawa ya kikohozi, niliyoisuuza vizuri.

Muuguzi alitia matone kwenye dawa ya bluu, akachemsha. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikawa kijani, ikapita njano, ikasimama kwenye rangi ya tofali la kuchoma.

"Mzee, huko nyumbani unakunywa nini?"

Aliyekuwa anakunywa ni mimi. Miaka ya kupanga foleni ya sukari ilikuwa imepita, maduka yamejaa, nami nilikuwa natia vijiko vinne kwenye kikombe, kufidia.

"Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango itoke kwenye damu, iingie mwilini," muuguzi akasema. "Yako haitoshi. Daktari ataongeza." Akaanza kuandika kwenye kadi.

 Sukari ya mume wangu ilishawahi kushuka mno siku moja, insulini ilipozidi. Alianguka bandani kwa kuku, akawa ananiita kwa jina la mama yake. Angeongezewa dawa kwa mkojo wangu, huenda asingeamka. Wifi akanifinya niseme.

"Mwanangu, usimwongezee," nikasema. "Mkojo huo ni wangu."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, unajisikiaje?"

"Nina kiu tu."

"Tangu lini?"

"Tangu sukari irudi madukani."

Wifi akacheka peke yake. Mume wangu akatumwa uani na chupa nyingine, nami nikafunguliwa kadi.

Hatukufunga sote wawili. Mchana tulikunywa uji wa uwele, mlango tumeurudishia.

Nimeandika rangi ya tofali. Wifi anasema ilikuwa ya chungwa. Wewe uliyewahi kuchemshiwa mkojo kwa dawa ile, nisahihishe kama nimekosea.