Ng'ombe wa Evelina Aliyekufa Kwenye Simu

Evelina wa Kiseke hakuwa na zizi. Mjini zizi utaliweka wapi, juu ya bati? Ng'ombe wake wanne walikuwa kwa Luhende, huko Magu, kama wenzake wengi walivyofanya: Luhende anachunga na kunywa maziwa, ng'ombe na ndama ni wa Evelina. Akifa mmoja, mchungaji anamletea mwenye mali ngozi. Asiyeleta ngozi, basi ng'ombe yupo, na atamtoa. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na hakuona sababu ya kujifunza upya.

Kisha akaja kijana Antoni na mradi wake. Akawakusanya wenye ng'ombe, akawaambia kila ng'ombe atavishwa hereni yenye namba, na habari zake zitaingia kwenye blokucheni, daftari lililomo ndani ya kompyuta nyingi kwa pamoja, ambalo hakuna mtu awezaye kulifuta.

"Mwanangu," Evelina akauliza, "hilo daftari linamwona ng'ombe?"

"Hapana, bibi. Linatunza kilichoandikwa."

"Anaandika nani?"

"Mchungaji, kwa simu yake."

"Luhende?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo Luhende akidanganya, mnamtunzia."

Watu wakacheka. Antoni naye akacheka. Rose, binti yake Evelina, aliona aibu. Akambembeleza mama yake wiki nzima asiwe mtu wa nyuma, mpaka mama akatia dole gumba.

Miezi minne baadaye simu ya Rose ikaleta ujumbe: ng'ombe wa madoa amekufa. Picha ilionyesha hereni na kipande cha sikio.

"Pole, mama. Imeshaandikwa."

"Ngozi iko wapi?"

"Mama, haifutiki hiyo."

"Sijauliza kufuta. Nimeuliza ngozi."

Kesho yake Evelina akapanda basi la Magu kwenye stendi ya Buzuruga, fimbo mkononi.

"Shikamoo mama," Luhende akasema, akimsogezea kigoda.

"Marahaba. Nimefuata ngozi."

"Aa, mama, mambo ya ngozi yamepitwa. Siku hizi yote yako kwenye simu. Hata Antoni amepokea."

"Antoni hana ng'ombe hapa."

Akaketi. Dorotea, mke wa Luhende, akaleta uji, Evelina hakuugusa. Akaleta maji, hakuyagusa. Mgeni mzee kukaa uani kwako bila kuonja kitu ni jambo ambalo majirani hawalipiti hivi hivi. Mmoja akaja kusalimia, akabaki. Wakafika watatu. Kila aliyeuliza, Evelina alimjibu neno moja tu: "Ngozi."

Jua lilipogeuka, Dorotea akamwambia mumewe mbele ya wote, "Baba Yeremia, nenda kwa kaka yako ukamlete huyo ng'ombe. Mimi siwezi kupika na mama amekaa hivi."

Luhende akaenda. Akarudi akimswaga ng'ombe wa madoa, sikio moja limekatwa ncha, kidonda bado kibichi. Evelina akampapasa mgongo, akanywa maji.

Wiki ile ile akawahamishia wote wanne kwa mchungaji mwingine, Yakobo, mbele ya mashahidi wawili wenye akili zao. Antoni aliposikia akapiga simu: tatizo ni mchungaji, bibi, mfumo hauna kosa. Ila kumrudisha hai kwenye daftari haiwezekani. Labda asajiliwe upya kama ng'ombe mwingine, avishwe hereni nyingine.

"Sikio zima limebaki moja," Evelina akasema. "Na hilo mnalitakia nini?"